Ushindi wa Kuhurumiwa

Mwanaume aliyenikimbia alirudi asubuhi kweupe, siku ya kazi, akiwa na kitambulisho kipya shingoni na cheo kikubwa kuliko changu. Hakuja kwa magoti. Alikuja na Mkurugenzi, ambaye alimshika bega kama mtu anayenadi ng'ombe wa maonyesho, akatutangazia:

"Huyu ndiye msanifu wetu mpya wa programu. Wengine wenu mnamfahamu."

Wengine wetu! Mpimaji, dada wa meza ya jirani ambaye kazi yake ni kuwinda makosa kwenye programu zetu kabla hazijatoka, aliinamia kikombe chake cha chai ili asicheke. Ofisi nzima ilijua. Mwaka na ushei nyuma, Mama alimuuliza huyu bwana kama yuko tayari kuleta watu wake nyumbani kwetu, naye akasema ndiyo, tena kwa tabasamu. Wajomba zangu wakaja na mashati yaliyopigwa pasi. Viti tukaazima kwa jirani. Tukakaa. Tukakaa mpaka jirani akatuma mtu kuuliza kwa adabu kama viti vyake vimekwisha kazi. Jioni ndipo ujumbe ulipoingia kwenye simu yangu, mistari miwili: amepata kazi nchi ya mbali, yuko uwanja wa ndege, tutaongea baadaye.

Kaka yangu ni fundi wa majokofu, hana muda wa kuremba maneno. Palepale akambandika jina: Bwana Baadaye. Likamganda.

Mimi kazini wananiita Sindano. Si kwa wembamba, mwili wangu unajieleza wenyewe. Ni kwa ajili ya ulimi.

Nisiseme uongo, alikuwa bado mzuri, na hilo ndilo lililonichefua. Mtu akikutenda, haki ni arudi amekonda, shati limepauka, kipara kimeanza kuchungulia. Huyu alirudi mabega yamejaa, na yale macho yake ya upole ambayo zamani nikiyatazama nilikuwa nasahau nilichotaka kusema. Alizunguka akisalimia meza moja moja mpaka akafika kwangu.

"Habari yako?" akasema, sauti imeshuka.

"Nzuri. Mapendekezo ya maktaba mpya yako kwenye folda ya pamoja. Yasome kabla ya mkutano wa mchana, kama safari hii una mpango wa kuhudhuria."

Mpimaji chai ikampalia.

Watu wakisikia maktaba hufikiri vitabu, kwa hiyo nieleze tulichokuwa tunagombania. Kwetu sisi, maktaba ni fungu la programu iliyokwisha kuandikwa, ambalo waandishi wengine hulichukua na kulitia ndani ya kazi zao ili wasianze kila kitu upya. Yetu inatumika kwenye zahanati. Ndiyo inayoiwezesha kompyuta ya zahanati kuongea na vifaa: mashine ya kupimia damu, printa ya lebo, mizani ya watoto wachanga. Tulikuwa tunatengeneza toleo jipya, na swali lilikuwa moja tu: nani aamue maktaba inaongea na kifaa gani, na aamue lini?

Njia ya kwanza tunaiita kufunga. Unaamua mapema, programu inapoundwa hapahapa mezani, na kilichofungwa kimefungwa. Ukikosea, kompyuta inagoma kuunda, aibu inabaki kwako na kwa kikombe chako cha kahawa. Njia ya pili tunaiita kudunga. Maktaba inatoka hapa mikono mitupu, halafu ikishawaka kule kwa mteja ndipo inapoingiziwa kifaa chake kutoka nje, kama mgonjwa anavyodungwa dawa.

Mimi nilikuwa mtu wa kufunga, na nilikuwa na sababu. Toleo la zamani lilikuwa la kudunga, kazi ya mikono ya Bwana Baadaye kabla hajapanda ndege. Kwenye zahanati moja, aliyesimika mitambo alisahau kudunga mizani halisi. Ikabaki ile ya kuigiza, tunayoitumia sisi kwa majaribio, ambayo hujibu jibu lilelile siku zote. Asubuhi nzima kila mtoto aliyelazwa juu ya mizani ile alikuwa na kilo tatu na robo. Mnene kilo tatu na robo, mwembamba kilo tatu na robo, mapacha nao vilevile. Mpaka muuguzi mmoja akashtuka, akasema Mwenyezi Mungu hana kipimo kimoja namna hiyo.

Simu za siku ile nilizipokea mimi. Mwenye kazi yake alikuwa ng'ambo, anapunga upepo.

Mchana tukaingia chumba cha mikutano, kile chenye ukuta wa kioo na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Mkurugenzi alikaa kichwani mwa meza na pakiti yake ya karanga. Yeye programu haijui, ila anajua kutikisa kichwa kwa wakati.

Nikasimama. Nikasema yote, tena nikimtazama Bwana Baadaye usoni.

"Kudunga ni uvivu uliovalishwa suti," nikasema. "Ni njia ya mtu asiyetaka kuamua. Anaondoka anaacha tundu, anasema mwingine ataliziba. Halafu mwingine akisahau, anasema si mimi."

"Sindano, taratibu," Mkurugenzi akasema.

"Naongelea programu, bosi."

"Hakuna mtu humu ndani anayeamini hivyo," Mpimaji akanong'ona.

"Mtu mwenye heshima," nikaendelea, "akisema kitu kitakuwepo, kinakuwepo. Anafunga. Tusipofunga, kesho tutapimia watoto wa watu uongo mwingine."

Nikakaa. Moyo ulikuwa unanipiga kama mtu anayegonga mlango wa choo. Zamu ilikuwa yake. Nilikuwa nimeshaona kwenye kompyuta yake kwamba alikuja na kurasa, nyingi, zenye michoro na mishale. Nikajiandaa. Nakiri nilikuwa nimelisubiri pigano lile kwa hamu, kama mwenye njaa anayesikia harufu jikoni kwa mwenzake.

Akanitazama. Akatazama kurasa zake. Kisha taratibu akaifunika kompyuta.

"Nakubaliana naye," akasema. "Tufunge kila kitu. Sina la kuongeza."

Mpimaji akapiga makofi. Mkurugenzi akakung'uta maganda ya karanga, akasema mkutano mfupi ni mkutano mzuri. Nami nikaona utamu wa ushindi ukinipanda hadi masikioni, na haukukaa. Niliyaona macho ya Bwana Baadaye. Alikuwa ananitazama kwa upole uleule, kama mtu anayemtazama mtoto anayejifunza kufunga kamba za viatu.

Nilimkuta kwenye ngazi, anashuka.

"Zile kurasa zilikuwa zinasema nini?"

"Zipi?"

"Usinifanye kipofu. Ulikuwa na hoja. Ulizifunika."

"Sindano, umeshinda. Si ulitaka kushinda?"

"Zilikuwa zinasema nini?"

Akashika chuma cha ngazi. Watu wawili wa uhasibu wakapita, tukawasalimia kwa meno, wakapita.

"Nilifikiri," akasema taratibu, "nikikuachia hili, labda moyo wako utapoa. Labda tutaweza kuongea. Nimerudi kwa ajili yako, hilo ulijue. Cheo hiki nimekikubali kwa sababu meza yako iko humu."

Kuna wanawake ambao wangelia pale. Mimi nilihisi kichefuchefu.

"Umeniachia," nikasema. "Kwa hiyo unajua muundo wangu una kasoro."

Akatazama viatu vyake.

"Unajua una kasoro, na umeupitisha, utaenda kwenye zahanati za watu, ili mimi nikuchekee. Watoto wachanga wa watu umewafanya maua ya kuniletea!"

"Si hivyo..."

"Ni hivyohivyo! Na uso ni uleule uliomwambia nao mama yangu ndiyo. Unadhani nilikudharau kwa sababu uliondoka? Watu wanaondoka kila siku. Nilikudharau kwa sababu hujui kusema hapana. Unasema ndiyo kwa kila mtu ili akupende, halafu mzigo wa ile ndiyo unawaachia wengine waubebe."

Akajaribu tabasamu. "Labda na sisi wawili tulipaswa kufungana mapema, kama maktaba yako..."

"Thubutu! Ukifananisha mapenzi na programu nakusukuma kwenye ngazi hizi, watu waulize nani alikudunga."

Tabasamu likamtoka. Vizuri.

"Kesho asubuhi," nikasema, "namwomba Mkurugenzi turudie mkutano. Uje na kurasa zako zote. Kama nimekosea, niambie nimekosea, mbele ya watu walewale. Kama huwezi, rudisha hicho kitambulisho, maana kazi ya msanifu nusu yake ni kukataa. Ushindi wa kuhurumiwa siutaki. Kampe mwanao, ukipata."

Nikageuka kupanda ngazi.

Nyumbani nilimkuta Mama amekaa sebuleni anakunja nguo, na Kaka yuko sakafuni ameifumua feni yote, vipande vimetawanyika mpaka chini ya kochi. Mama ni muuguzi mstaafu. Alistaafu kazi, hakustaafu kukuchunguza.

"Amerudi," nikasema.

Hakuna aliyeuliza nani. Kaka akainua bisibisi. "Ofisi yenu inafungwa saa ngapi?"

"Weka hicho kidude chini," Mama akamwambia. Kisha kwangu: "Anataka nini?"

Nikawaeleza. Nilitaka kueleza kwa kifupi, nikajikuta nimefika mpaka kwenye kudunga na kufunga, mpaka kwenye ngazi. Mama alisikiliza huku akinyoosha kola ya shati.

"Kwa hiyo siku hizi anadunga watu bila cheti," akasema.

"Mama!"

"Nakuuliza tu, mimi nilisomea." Akaweka shati juu ya mengine. "Nisikilize, mwanangu. Yule nilimwekea kiti cha mbele. Nilimhesabu wangu. Kwa hiyo humu ndani simtaki."

"Sijasema namleta. Mtu mwenyewe namdharau."

"Unamdharau."

"Kabisa."

"Basi kula. Mtu unayemdharau kweli humzungumzii mpaka chakula kipoe."

Kaka akacheka mpaka skrubu ikamponyoka. Nikaichukua sahani yangu nikaenda kula chumbani, kwa hasira, na chakula kilikuwa kweli kimepoa.

Asubuhi Mkurugenzi hakupenda. "Uamuzi umeshafanyika," akalalamika. "Tena umeshinda wewe!"

"Ndiyo maana naomba, bosi. Angeomba aliyeshindwa ungesema ana kinyongo."

Tukarudi chumba kilekile, ndoo ileile. Bwana Baadaye alikuja macho mekundu na kompyuta kifuani. Akasimama mbele yetu, akakohoa.

"Labda kuna mambo machache ambayo pengine tungeweza kuyatazama..."

"Labda nani?" nikamkata. "Pengine wapi?"

Mpimaji akanikanyaga mguu chini ya meza. Bwana Baadaye akashusha kompyuta. Aliangalia meza, akaniangalia mimi, na nikaona kitu kinasogea usoni mwake, kama samani nzito inayovutwa.

"Hapana," akasema. "Umekosea."

Mkurugenzi akaacha kutafuna. Hata kiyoyozi kilikuwa kama kimeacha kudondosha.

"Umekosea, na nitakuonyesha wapi. Zahanati ndogo hazichagui mizani, zinapewa. Mwaka huu wamepewa aina hii, mwakani watapewa nyingine kabisa. Kwa muundo wako, kila kifaa kipya kikija ni lazima sisi tuiunde programu upya hapa, tuitume, mtu afunge safari akaiweke. Zahanati isiyo na fundi itangoja. Na wakati inangoja, muuguzi atamnyanyua mtoto kwa mkono akisie uzito wake. Kisha dawa itapimwa kwa uzito wa kukisia. Ndicho unachotaka?"

"Bora kukisia kuliko kudanganywa na mizani," nikasema. "Anayekisia anajua kwamba anakisia."

"Kweli. Kwa hiyo mizani ya kuigiza isitoke humu ndani milele. Hilo lifungwe, na hapo uko sahihi asilimia mia. Lakini mizani halisi idungwe. Na programu ikiwashwa, kabla ya kitu chochote, ikague: kifaa kipo? Ni chenyewe? Kisipokuwepo, isiwake. Imwambie muuguzi kwa maneno yake kwamba hakuna mizani."

"Hiyo kaguakagua yako itachelewesha kila kitu."

"Sekunde moja. Nimeipima jana. Nikuonyeshe?"

"Na mwandishi mvivu akiamua kuuruka ukaguzi?"

"Haurukiki! Ukaguzi nao umefungwa, haumwulizi mtu!" Akapiga meza kwa kiganja, karanga za Mkurugenzi zikaruka. "Unanisikiliza au unasubiri zamu yako ya kuongea? Watoto wale hawakupimwa vibaya kwa sababu ya kudunga. Walipimwa vibaya kwa sababu mimi sikuweka ukaguzi. Kosa langu. Unalichukua kosa la mtu mmoja unalitumia kuihukumu njia nzima, na zahanati zitalipia hasira yako!"

Nikafungua mdomo. Nilitafuta. Nilipitia muundo wake kichwani, kona kwa kona, kama mwizi anayetafuta dirisha bovu. Nikarusha swali kuhusu mashine za damu, akalidaka. Nikarusha la printa, akalijibu kabla sijalimaliza. La tatu nilianza nikaliacha katikati, kwa sababu jibu lake nilikuwa nimeshaliona mwenyewe.

Miaka mitatu tulipendana. Katika miaka ile sikuwahi kumsikia akipandisha sauti hata kwa mhudumu aliyemmwagia chai mapajani. Alikuwa akisema ndiyo, mpenzi; sawa, mpenzi; utakavyo, mpenzi. Nami nilidhani huo ni upole, nikaupenda. Sasa mbele yangu alisimama mtu mwingine, jasho kwenye paji la uso, mshipa wa shingo umesimama, ananitazama jicho kwa jicho na kuniambia nimekosea. Nilihisi joto likinishuka mgongoni mpaka kwenye visigino. Nikakasirika nalo.

"Kwa hiyo ni ipi?" Mkurugenzi akauliza, anaokota karanga.

Wote wakanigeukia.

"Yake," nikasema. "Mizani ya kuigiza ibaki humu ndani, ukaguzi tufunge, vilivyobaki tudunge. Ameshinda."

"Sindano ameshindwa?" Mpimaji akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeona jua likizama asubuhi.

"Kaandike vipimo vyako," nikamwambia.

Walipotoka, Bwana Baadaye hakutoka. Nilijifanya nakusanya nyaya. Alikuja akasimama upande wa pili wa meza, mbali, kama mtu anayemwogopa mbwa ambaye hajafungwa.

"Niliogopa," akasema. "Siku ile. Nataka ulisikie kwa mdomo wangu. Kazi ile ya ng'ambo ningeweza kuikataa. Niliikubali kwa sababu ilikuwa na ndege siku hiyohiyo."

Nikaacha nyaya. Katika mambo yote niliyomdhania, hilo sikulidhania, kwa sababu lilikuwa baya kuliko yote.

"Mama yako aliniuliza huku anatabasamu," akaendelea. "Nikasema ndiyo. Nilikuwa nakupenda na nilikuwa siko tayari, na sikujua kama mtu anaweza kuyasema yote mawili kwa pamoja bila kufukuzwa."

"Wewe ni mwoga."

"Ndiyo."

"Msaliti."

"Ndiyo."

"Na mjinga."

"Hapana," akasema. "Mjinga hapana."

Nikageukia dirishani haraka. Kuna mambo ambayo uso hufanya bila ruhusa ya mwenyewe, na sikutaka ayaone.

"Jumapili mchana," nikaliambia dirisha. "Nyumbani kwetu. Sikualiki, uelewe. Unakuja kuyasema haya kwa Mama. Ukimaliza unaondoka."

Jumapili alikuja. Alikuja mapema, jua la mchana likiwa kali, na mtaa mzima ukamwona akipita. Kaka ndiye aliyefungua mlango, akausimamia kwa upana wa mabega yake yote.

"Umepotea njia?"

"Hapana, kaka. Nimekuja kwa Mama."

"Kaka yako nani?"

"Mpishe apite," Mama akasema kutoka ndani, "ila asikae."

Akaingia, akasimama katikati ya zulia. Mama alikaa kwenye kochi, Kaka akaegemea ukuta, mimi nilikuwa kwenye mlango wa jikoni na kitambaa mkononi ambacho sikuwa na kazi nacho. Akayasema yote. Ndege, woga, ujumbe wa mistari miwili. Hakuremba. Alipofika kwenye ndege, Kaka alisema neno ambalo sitaliandika, na Mama hakumkemea.

Akamaliza. Kisha Mama akatabasamu. Nililijua tabasamu lile. Lilikuwa tamu, la upande mmoja wa mdomo, lile ambalo wagonjwa wake walikuwa wakiliona wakanywa dawa chungu bila kuuliza.

"Mwanangu," akamwambia kwa upole, "yaliyopita si ndwele. Sasa uko tayari kuleta watu wako?"

Nilitaka kumpigia kelele asijibu. Nikauma kitambaa.

Jasho lilimtoka nyuma ya masikio. Macho yake yalinitafuta, nami nikayakwepa, nikatazama sufuria.

"Hapana, Mama," akasema.

Kaka akabanduka ukutani. "Hapana?"

"Sileti mtu, kwa sababu yeye hajasema kwamba ananitaka. Siku akisema, nitakuja nao hata kesho yake. Asiposema, nitakuja peke yangu kukusalimia, ukiniruhusu. Lakini ndiyo ya kukufurahisha wewe sitaisema tena."

Tabasamu la Mama likazimika. Akamtazama mtu yule kwa makini, kuanzia viatu mpaka nywele, kama anasoma kipimajoto na hataki kukisoma mara mbili.

"Mpe kiti," akamwambia Kaka.

"Mama, huyu..."

"Nimesema mpe kiti. Na wewe hapo jikoni, acha kula kitambaa. Unasemaje?"

Macho yote matatu... sita, kwa kweli, yakanijia. Ulimi wangu, ule ulionipa jina, ukalala.

"Leo sisemi kitu," nikasema mwisho. "Nitasema nikiwa na la kusema."

"Sawa," yeye akajibu, akakaa.

Akanywa chai, akamsaidia Kaka kuinua jokofu la mteja hadi barazani, akatukanwa mara mbili, akaaga. Nilimsindikiza mpaka getini, kwa sababu mgeni husindikizwa. Kisha nikamsindikiza mpaka kona, kwa sababu ambayo sikuitafutia jina. Pale kona nikamwambia:

"Ule ukaguzi wako una tundu."

"Hauna."

"Unao. Unakagua programu inapowaka tu. Mizani ikichomolewa saa nne, programu imeshawaka tangu saa mbili, itajua vipi?"

Akasimama. Akakuna kidevu. "Hapo itarudisha kosa."

"Kosa gani? Kwa nani? Muuguzi ana mtoto mkononi!"

"Sikiliza kwanza, Sindano..."

"Sikiliza wewe!"

Tulikuwa bado tunabishana, vivuli vyetu vimerefuka mpaka ukuta wa pili wa barabara, Kaka alipotokea akiburuta ndala. Alisimama karibu yetu akasikiliza kidogo, uso umekunjamana, haelewi hata neno.

"Mama anasema," akatangaza, "kama ugomvi wenyewe ni mrefu namna hii, mrudi ndani mkagombane mmekaa."

Nikageuka kurudi. Ndipo nilipogundua kwamba mkono wa shati lake ulikuwa kwenye vidole vyangu, umekunjika, sijui tangu lini. Sikuuachia.